Arobaini ya Mpunga

Stima zilipotea Jumatatu, na leo ni Alhamisi.
Kompyuta tatu za shule zimefunikwa leso kama maiti wa heshima,
nami nina kidato cha tatu, vipindi viwili mfululizo,
na mtihani usiojali kama Ahero kuna giza.

Nikaomba jikoni trei ya mayai.
Kando ya kila shimo nikaandika namba, kuanzia sifuri.
(Obura akauliza kwa nini si moja. Nikamwambia
hata mtoto huishi mwaka mzima kabla ya kuitwa wa mwaka mmoja.)
Nikakunja karatasi, nikatia mojamoja.
"Hii ndiyo kumbukumbu," nikasema. "Haikumbuki chochote.
Inashika tu."

Apondi akapewa kibao: yeye anajua shimo linalofuata,
na hajui lingine lolote.
Oyoo, mwenye miguu, akawa mchukuzi.
Kwamboka akakaa chini ya ubao, penye kamusi yetu fupi:
moja, chukua; mbili, jumlisha; tatu, weka; nne, ruka; sifuri, simama.
Obura, kopo tupu la mafuta na kipande cha chaki.
Nekesa nje, kwenye ringi ya lori, na chuma mkononi.
Bila mlio wake asipumue mtu.

Ngo.
Apondi: sifuri. Oyoo mbio, akarudi na 13.
Kwamboka akafumbua: moja ni chukua, tatu ni pale pa kuchukua.
Oyoo tena, shimo la tatu, akanakili arobaini,
ikaingia koponi.
Apondi akageuza kibao.

Ngo. 24. Jumlisha kilichomo shimo la nne.
"Hamsini na mbili!" Obura alikuwa ameshachungulia,
Oyoo hata hajainuka.
Shuka, Obura, umepanda juu mno.
Humo ndani hakuna anayeona mbele.
Humo ndani hakuna mwerevu hata mmoja.
Darasa likacheka. Akangoja kumi na mbili iletwe,
kama mtu anayengoja chenji yake mwenyewe.

Ngo. 35. Weka katika la tano.
Hamsini na mbili ikalala humo.
Nikafungua mdomo niseme, mmeona

Ngo.
Nekesa hakuambiwa kuna mwisho.
Apondi: tatu. Oyoo akaleta 40.

Yalikuwa magunia ya mama, arobaini ya mpunga,
msimu wa mwisho kabla Nyando haijaingia shambani.
Kumi na mbili ni ya msimu uliofuata.
Sikumwambia mtu; nilihitaji namba mbili tu.
Kwamboka naye hakuona gunia. Alitazama ubao:
nne, ruka. Sifuri, pale pa kurukia.
Apondi akarudisha kibao mwanzo.

Za mwizi ni arobaini. Zangu zilikuwa zimefika.

Wakaanza upya, chukua, jumlisha, weka, ruka,
hamsini na mbili juu ya hamsini na mbili,
wanajua na hawaachi,
maana nilisema asikae mtu mpaka asikie simama,
na simama sikuiandika.
"Mashine huzunguka hivi mara ngapi?" Oyoo, jasho hadi shingoni.
"Mamilioni. Kwa sekunde."
Akatazama viatu vyake. "Bila maji?"

Mzunguko wa kumi na moja, Obura akaniangalia,
hana kinyongo kabisa:
"Mwalimu, humu ndani hakuna mwerevu. Na huko nje?"

Jioni nilikata karatasi moja, nikaandika sifuri.
Kumbe kuipatia nafasi ni kuhamisha magunia ya mama,
kila msimu shimo moja mbele,
na kufuta amri zote tatu: 14, 25, 36.
Mashine ya kukoboa ng'ambo ya barabara ilikuwa kimya.
Yangeyange walitembea kwenye majaruba, mguu, halafu mguu.

Kesho Nekesa atagonga.
Tutaona kama tunajua kusimama.