Nyuzi Nne

Siku ya tatu sasa theluji inaziba bonde la Idrija,
na juu ya meza yangu vitu viwili havisemezani:
simu janja niliyoachiwa na binti yangu, kioo kimepasuka pembeni,
na kompyuta ya mezani aliyoniundia Gorazd, mtoto wa kaka yangu,
kwa mabaki ya mashine za shule
na mfumo huria, usiouzwa wala kukodishwa.

Ndani ya simu mna picha arobaini na tatu.
Ni ruwaza ya kimia ya marehemu Ivanka,
karatasi iliyonyauka kama jani la tumbaku.
Justina aliniazima kwa saa moja tu,
akasimama mlangoni na koti lake mwilini, akisubiri.
Nilipiga picha mbio mbio. Karatasi ikaondoka.

Nikachomeka waya. Simu ikalia, ting',
ikaanza kunywa umeme.
Kunywa tu.
Kwenye kompyuta, kimya. Hakuna folda, hakuna alama,
kama mgeni aliyeingia, akala, akashiba,
asitaje hata jina la kwao.

Nikampigia Gorazd kwa simu ya ukutani,
maana ile nyingine ndiyo mgonjwa.
Yuko Maribor, kazini, ananong'ona asisikiwe:
"Shangazi, fungua lile dirisha jeusi. Andika."
Nikaandika. Herufi ndogo, nafasi, kistari.
"Kimoja au viwili?"
"Viwili. Vimeshikana."
Nikatoa nywila ya mkuu wa mashine,
ambaye ni mimi, jambo linalonichekesha hadi leo.
Nikajiandikisha katika kundi la wanaoruhusiwa,
nikatoka, nikaingia upya kama mwanafunzi aliyechelewa.
Mashine ikataja kipanya, ikataja kibodi,
ikataja hata printa iliyolala chini ya kitambaa.
Simu haikutajwa.

Usiku wa manane. Gorazd amelala.
Mimi na mto wangu wa kazi, vijiti vinagongana,
jozi juu ya jozi, pinda, vuka, pinda,
maana mikono hii haijui kukaa bure.
Na hapo, katikati ya fundo, swali likanichoma kama pini:
huu waya una nyuzi ngapi?

Nikachukua mkasi. Nikaupasua.
Mwekundu. Mweusi. Basi.
Uzi wa kuleta umeme na uzi wa kuurudisha,
na pale pa uzi wa kijani na mweupe, hewa tupu.
Waya wa bure, uliokuja na taa ya kusomea!
Siku tatu namlaumu mwenye nyumba haitiki,
kumbe mlango umechorwa ukutani.

Kidole kimoja hakivunji chawa,
na nyuzi mbili hazifumi kimia.
Hata watoto wa darasa langu la Jumanne wanalijua hilo.

Ndani ya kopo la vifungo nikapata waya mwingine,
wa kile kifaa cha kusomea vitabu kilichotumbukia besenini,
mnene, mgumu shingo.
Simu ikauliza, kwa adabu zake:
Je, unaiamini kompyuta hii?
Nikaitazama, ubavu wazi, feni inakohoa,
kibandiko cha pengwini kimekaa upande.
Ruhusu.

Picha zikashuka moja moja.
Nikazikuza hadi matundu ya pini za Ivanka,
hadi doa la kahawa la mtu nisiyemjua.
Ya arobaini na moja, kona ya chini:
dole gumba langu, kubwa, limeziba yote.

Justina haazimi mara mbili.
Printa inanguruma, kona imebaki tupu.
Gorazd husema mfumo wake hauna mwenyewe,
kila mtu hushona kipande chake, akakiacha wazi
mwingine aje akifumue akitaka.
Haya. Kesho, baada ya kahawa,
kona hii nitaifuma nijuavyo mimi,
na atakayeitaka nitamwazima.
Avue koti kwanza, akae.