Ni Sisi, Ni Mazoezi

Kiatu cha mji huu hakifi kwa uzee,
kinaliwa.
Jiwe jeusi la Majengo lina meno madogo madogo,
na Ndoole, aliyenunua raba za rangi ya chungwa
kwenye kaguwa ya Virunga
baada ya kubishana hadi adhuhuri,
zilimtosha wiki sita.
Siku ya arobaini na tatu kidole gumba kilichungulia
kuuliza tumefika wapi.

"Usitazame rangi," Nsimire alimwambia.
"Kishike, kikunje.
Kikikunjika katikati kama chapati, rudisha.
Kikunjike hapa mbele, penye vidole.
Na ununue jioni, mguu ukiwa umevimba;
asubuhi kila kiatu ni kiongo."
Nsimire anauza vitenge,
anajua vitu vinavyojinyoosha mbele ya mnunuzi.

Tunaanzia Signers kabla ya pikipiki kuamka.
Hangi anashika saa yenye kioo kilichopasuka,
anaandika kwenye daftari la hesabu la mwanawe:
Byamungu, kilomita tano, dakika thelathini na tatu,
wiki iliyopita thelathini na sita.
Mimi aliniwekea alama ya kuuliza,
kwa kuwa nilisimama kununua maandazi.
Walicheka, ndiyo.
Kesho yake Byamungu akaacha dakika zake,
akaja ubavuni kwangu:
"Pumua kwa tumbo, acha mabega yapumzike.
Nisimulie kitu. Ukishindwa kusema,
ujue tunakwenda mbio mno."
Nikamsimulia bei ya makala,
nikamsimulia shemeji yangu na mbuzi wa mahari,
mbuzi hajafika bado
nikashangaa Himbi iko nyuma yetu.

Hapo chukudu ya viazi ikatupita ikiteremka,
mwenyewe kapiga goti moja juu ya ubao,
mguu wa pili unasukuma barabara,
na mguu huo una kandambili.
Hangi hakuandika.

Ila nilitaka kusema habari ya neno.
Anayetafuta afya, anakimbia.
Aliyebeba godoro kichwani na mtoto mgongoni,
naye anakimbia.
Lugha haikutukatia vipande viwili,
na sisi wa Goma tumelivaa neno hilo pande zote,
ndani nje.

Mama Katungu, mamake Masika,
anakaa nyumba ya nne baada ya bomba, Keshero.
Siku ya kwanza alisikia miguu yetu gizani
akafunga godoro kwa kitenge,
akaamsha wajukuu, akatia unga ndani ya sufuria,
na tulipotokea alikuwa mlangoni, amevaa, tayari.
"Mnakimbia nini?"
Masika alishika magoti, anahema:
"Hatukimbii kitu, mama. Tunakimbia tu."
Sentensi hiyo haikumwingia.
Nani anakimbia tu?

Tangu hapo, tukikaribia bomba,
mwenye pumzi huita:
Ni sisi! Ni mazoezi!
Mara nyingi ni mimi,
maana anayekwenda polepole hubaki na akiba.

Wiki kadhaa alifungua dirisha tu, akafunga.
Leo tumemkuta ameketi nje juu ya jiwe,
jagi la maji miguuni.
Godoro sikuliona.
Hakusalimu.
"Mlikuwa tisa," alisema. "Nasikia nane. Nani amebaki?"

Tukatazamana.
Hata Hangi na daftari lake hakuwa amehesabu.
"Ndoole, mama," Nsimire akajibu.
"Kiatu chake kiko kwa fundi, kinashonewa tairi."
Mama Katungu akanyamaza,
akageuza uso kule tulikotoka,
akaisikiliza barabara mpaka mwisho wake.
"Kwa fundi?"
"Kwa fundi."
Ndipo akamimina maji.