Kiti cha Tarishi

Msimu wa korosho, ghala la Chama cha Msingi, Newala.
Mimi ndiye karani wa mizani.
Gunia linapanda, namba inatulia, naandika,
na wino haujakauka kibofu kinaniita
kama mtoto aliyedekezwa na bibi yake: sasa, sasa hivi.
Mara tisa kabla ya adhuhuri. Nilizihesabu.
Wakulima nao walizihesabu.

"Karani anakwenda kujipima," alisema Chipwata,
foleni nzima ikacheka mpaka mlangoni.
Huku juu maji tumeyanunua kwa ndoo miaka na miaka.
Mama aliyafuata bondeni usiku,
akarudi na mtungi kichwani na alfajiri mgongoni,
na mimi binti yake nayamwaga kila nusu saa.

Nesi Agrepina hakucheka.
Alipima mkojo: hakuna mdudu, hakuna sukari.
Akaniomba stakabadhi iliyoharibika,
akachora nyuma yake kitu kama kibuyu.

"Huu ni msuli. Hauna akili, una utii tu.
Kuna tarishi wa mishipa ya fahamu, jina lake asetilikolini.
Anashuka, anakaa kwenye kiti chake ukutani mwa kibofu,
anasoma barua ya neno moja: Kamua.
Wako, Somoe, hajui likizo.
Kibofu robo, barua. Vijiko vitatu, barua.
Kidonge hiki hakimpigi tarishi, wala hakichani barua.
Kinawahi tu.
Kinakalia kiti, kinanyamaza."

Nikamkumbuka shemeji yangu Nambunga
kwenye kikao cha mahari, alivyokalia kiti cha mjomba
asitamke neno tangu asubuhi hadi ubwabwa ukaiva,
na shauri lote likakwama.
Nikaelewa.

Siku ya nne nilipima magunia arobaini bila kuinuka.
Arobaini!

Kumbe tarishi yule ana njia nyingi.
Ndiye hufungulia mate,
ndiye hukaza jicho lisome cha karibu,
husukuma ugali utumboni, huitisha jasho juani,
na kidonge hakijui kuchagua viti.
Ulimi ukawa kiraka cha gunia.
Choo kikubwa kikanisusa siku tatu.
Mdomo wangu ukageuka Newala ya mama,
na sabini na tatu ikavaa kanzu ya sabini na nane.

Chipwata siku hiyo hakunung'unika.
Kilo tano za Mungu, nani azikatae?
Zilikatwa kwenye mshahara wangu.

Agrepina akakipasua kidonge kwa wembe.
"Nusu. Na usijikaze kisabuni.
Mkojo ukigoma kabisa, uje hata usiku wa manane."

Sasa Tumwanje, kijana wa kushona magunia,
hunisomea namba kwa sauti ya mnadani.
Mimi naandika, nanyonya ukwaju.
Nakwenda mara nne, mara tano.
Nyingine naisikia ikija, ile barua,
nasikia vishindo vya tarishi, anafika,
anakuta kiti kina mtu.
Anasimama kidogo. Anarudi.
Na kuna siku harudi:
wanasukumana wawili kwenye kiti kimoja,
mimi natupa kalamu, nakimbia,
na gunia la watu linabaki juu ya mizani
likijipima lenyewe.