Jino Lisilo na Kiti

Karcag, Februari. Theluji imegeuka tope.
Kwenye kiti cha daktari Szilvási
Boglárka, miaka minane, amepanua kinywa
kama kinda la mbayuwayu,
na picha ya eksirei inang'aa ukutani:

kati ya meno mawili ya mbele, juu,
limejipenyeza la tatu,
dogo, limechongoka kama kigingi,
mdoezi aliyefika karamuni viti vimekwisha
akaamua kukaa mezani.

"Hutokea," asema daktari.
"Ufizi ulikosea hesabu, basi."
Mama auliza bei. Auliza kama mtoto ataumia.

Nyanya Etelka hajauliza kitu.
Ameukumbatia mkoba wake,
ule wa kwendea kanisani.
Yeye kalelewa na watu walioamini
kwamba azaliwaye na jino la ziada
kazaliwa na kazi:
kuita mvua, kuona hazina chini ya ardhi,
kupigana na wenzake mawinguni kwa umbo la fahali.
Na likishang'olewa
kazi yote hubaki shimoni,
pa kupitisha ulimi tu.

Lugha hii ninayoandikia ina neno
kwa mtoto ambaye jino lake limekosea njia:
kijego.
Neno hilo halina mvua, halina fahali,
lina mlango unaofungwa usiku
na watu wazima wanaonong'ona.
Ndiyo maana namtazama Etelka kwa wivu kidogo.

Sindano. Koleo.
Mlio kama wa mtu anayevunja muwa chumba cha pili.
Kisha *ti*, ndani ya kibakuli cha chuma.

"Haya, sasa una idadi ya watu wote."
Boglárka, nusu ya mdomo ikiwa usingizini,
ataka kulishika.
"Lilikuja kula nini?"
Hakuna anayejua. Daktari anavua glavu.

Kiangazi hicho mvua iligoma wiki tisa.
Mahindi yalikauka yakiwa yamesimama,
alizeti zikainamisha vichwa kabla ya wakati wake,
na Boglárka akicheka uani
meno yamepangika kama shanga za dukani.
Etelka hakusema neno.

Ila jioni moja alifungua kopo la vifungo,
akakitoa kile kigingi kwenye leso,
akakitumbukiza katika bilauri ya maji,
akaiweka dirishani
na kwenda kulala,
kama mtu aliyeloweka maharagwe.