Koti Namba 418

Masika alilitoa chini kabisa ya robota,
akalikung'uta mara moja, likatoa sauti ya karatasi.
"Hili halipitishi maji," akasema,
"na ni jepesi, lipime."
Nikalipima. Uzito wa mandazi mawili,
labda na nusu.

Kwenye zipu kilining'inia kijikadi cha plastiki:
namba 418, kilomita thelathini,
na mtu mdogo wa wino, ameinama,
mbao mbili nyembamba miguuni, fimbo mbili mikononi.
"Anakwenda wapi huyu?"
"Mimi nauza nguo," akasema Masika, "siuzi safari."
Nikamwachia nusu ya bei.
Nusu ya pili, tukakubaliana, itasemwa na mvua.

Nyumbani Ansima, aliye darasa la sita,
akanieleza: hiyo ni theluji, baba.
Hawana magurudumu, hawana injini.
Mlima wanaupanda kwa pumzi zao,
mteremko wanajiachia.
Nikacheka. Kazi hiyo naijua.
Ila ubao wangu ni mmoja, wa mkaratusi,
na juu yake hulala magunia ya viazi
ambavyo si vyangu.

Saa tisa ya usiku nikaisukuma chukudu tupu hadi Kibumba.
Mchana nikaigeuza, imejaa.
Mvua ilinikuta kabla ya Kibati,
si ile ya kunyunyiza, ya kuomba ruhusa.
Ilikuja na mawe.
Ilipiga kofia ya koti nikasikia
mtu anachagua maharage kwenye sinia ya bati
ndani ya kichwa changu.
Barabara, na majiwe meusi ya volkano pembeni,
vyote vikawa vyeupe mbele yangu
kama gunia la unga limepasuka.
Nikakanyaga breki; kile kipande cha tairi kikanicheka.
Magurudumu yakaacha kuzunguka.
Chukudu ikateleza.

Goti juu ya ubao, mguu mmoja hewani,
kilo mia tatu zikinivuta zinakotaka,
nikamkumbuka mtu wa kadi, nikainama kama yeye.
Sijui kama ndivyo wanavyofanya.
Ndivyo nilivyofanya.
Mama mmoja chini ya jani la mgomba akaliita jina la Yesu,
si kwa ajili yangu peke yangu, nadhani,
maana kulikuwa na mbuzi barabarani.
Mbuzi alipona.

Kanyaruchinya nikasimama kujikagua.
Mabega makavu. Kifua kikavu.
Mgongo ulikuwa na maji, lakini ya chumvi, yangu mwenyewe,
hayo siwezi kumdai Masika.
Mapajani sisemi; koti halikuiahidi suruali kitu.
Ila kwenye kwapa la kushoto
baridi ilikuwa imepita, nyembamba kama uzi.

Nikalivua, nikaligeuza.
Mshono wa hapo uliwahi kufumuka
na mtu akaushona kwa mkono:
uzi mwekundu, hatua ndogondogo
za mtu asiye fundi lakini mwenye subira,
na juu yake gundi, iliyopasuka zamani.
Kushoto.
Mimi pia husukumia kushoto.
Mashati yangu yote huanza kufa pale.
Nikabaki na koti mkononi katikati ya mvua,
mjinga kabisa, nikilowa,
nikiutazama uchovu wa mtu nisiyemjua.

Jioni Masika akauliza: "Limevuja?"
"Limevuja palepale lilipomvujia yeye."
"Yeye nani?"
Nikamwonyesha kadi.
Akapunguza franka elfu mbili bila kuelewa,
nami nikalipa bila kumweleza.

Ansima alitaka kuikata ile kadi aichezee.
Nimemkatalia.
Kesho natafuta uzi;
mwekundu ukikosekana, hata wa kijani.