Mkono wa Tatu

Chumba hiki nakijua. Nimekipaka mara mbili,
Machi ya mwaka jana, kabla mpangaji hajahamia, na tena Agosti,
na kila mara Gathumbi husimama mlangoni, haingii,
leso puani, funguo zikicheza kidoleni:
"Piga mikono miwili, Mwololo. Yaishe."

Nyeupe haina ubishi. Nyeupe hufunika.
Wiki tatu ukuta unameta kama sahani ya wageni,
kisha doa moja, kama la kidole kilichogusa masizi,
kisha jingine, kisha yamejuana.

Hapa Pipeline jua ni mgeni wa dakika ishirini.
Hupita saa saba mchana kati ya ghorofa na ghorofa,
halivui viatu, haliketi.
Ukifungua dirisha unashika ukuta wa jirani,
na sare za shule hukaukia ndani, juu ya kitanda,
maji yake yakitafuta pa kulala.

Watu huuita ukungu, jina lile lile la asubuhi za Julai
zinapoficha taa za uwanja wa ndege.
Lakini ukungu wa nje huondoka saa nne.
Huu umehamia. Huu una kitanda.

Leo nilipovuta kitanda cha mtoto nikakuta penseli.
Bosibori alikuwa amepima ukuta mara mbili.
Huku urefu wa Ratemo: kufikisha miaka mitano,
Krismasi, kidole kimoja zaidi.
Huku mistari ikilizunguka doa, ramani ya ziwa linalofurika:
Juni nne. Juni kumi na tisa. Julai mbili.
Julai tisa, usiku, kliniki.
Doa lilikuwa limekua kumshinda mtoto.

Nikauliza. Akajibu bila kunitazama:
"Usiku kifua chake hupiga mluzi kama birika.
Daktari aliuliza tunapikia nini, nani anavuta sigara,
kama tuna paka. Kisha akauliza kuta zikoje.
Nikamwambia, nyeupe."

Brashi ilikuwa mkononi mwangu, inadondosha.

Najua ninachokijua. Kuvu haifi kwa rangi;
hulala chini yake kama deni,
inakunywa jasho la ukuta, inarusha vumbi lisiloonekana,
na mwenye pumu huivuta hata ndotoni.
Nilijua Machi. Nilijua Agosti. Nililipwa.

Nikashika patasi.
Plasta ikaja kama ugali uliolala, vipande vya maji,
na nyuma yake bomba la bafu la ghorofa ya juu,
kiungo kikilia tone, tone, sijui miaka mingapi,
na hakuna aliyekiuliza kinamlilia nani.

Nikampigia Gathumbi. Alinyamaza matone kumi na moja.
"Nilikutuma upake, si uchimbe."
Nani atalipia bomba, hatujaelewana.

Odanga alifika jioni, akakaza kiungo.
Ratemo alikuwa kwa shangazi yake, mbali na vumbi letu.
Tukajifunga vitambaa puani, tukasugua kwa sabuni na maji,
tukapangusa, tukauacha ukuta uchi.
Nikamwambia Bosibori kitanda kisiuguse ukuta tena, hata shubiri moja inatosha;
nguo zipande juu ya paa, hata kama kamba ni za kugombaniwa;
na maharagwe yakichemka, mlango uwe wazi.
Akaniangalia. "Na wezi?"
Sikuwa na jibu la fundi. Nikasema, basi ukiwa macho.

Mkono wa tatu sijaupiga. Ukuta unataka wiki kadhaa kukauka.
Ni mbaya, wa kijivu, una kovu refu la mtu aliyepasuliwa.
Mistari ya Ratemo nimeiacha.
Chini ya kovu nimeandika: Julai kumi na nne, pakavu.
Kisha nikapagusa tena, na kidole kikarudi baridi.
Baridi na unyevu, kidoleni, hufanana.
Nitarudi Jumamosi, bila ndoo.