Amri ya Kuwafungia Ndege

Barua ilifika Jumatano,
imegongwa muhuri wa daktari wa mifugo:
ndege wote ndani, hadi homa ipite.

Wote! Kana kwamba "wote" ni kabila.
Mimi nina kuku tisa, bata wa maji watano,
bata mzinga mmoja aliyenuna tangu Pasaka,
bukini wawili, na kanga
niliyemnunua mnadani Kraslava
ambaye bado anaulilia mnada.
Nina banda moja, na theluji i njiani.

Wasemao ndege wa rangi moja huruka pamoja
waje washike koleo.
Bata huogea maji ya kunywa,
kisha husimama katikati ya tope lake
akishangaa nani kamwaga.
Kuku anataka pakavu, anainua mguu
kama karani aliyekanyaga dimbwi.
Dume la bata halibagui: hupanda kuku, hupanda ndoo.
Na bata mzinga, alinionya Antons wa ng'ambo ya ziwa,
akidonoa walipokunya kuku
ini lake huoza kimya kimya;
unamkuta alfajiri kichwa chini, umeshachelewa.

Basi bata mzinga kwake, bata kwao, kuku kwao.
Kwake wapi? Kwao wapi?

Mbao ziliishia ukuta wa kwanza.
Duka liko kilomita ishirini na mbili
na pikipiki ilikuwa ya Jezups,
nayo imelala kama yeye.

Nikaingia chumbani.
Kitanda alikichonga mwenyewe, cha msonobari,
kipana, maana alilala kama mtu anayeogelea.
Nilisimama na nyundo
muda wa chai kupoa.
Kisha nikang'oa upande wake.

Mbao saba. Zilitosha, kasoro kidole kimoja.
Misumari aliyoipinda yeye niliinyoosha mimi.
Nusu yangu niliiegemeza kwenye sanduku la cherehani,
nikalala nikisikia bukini wakiikagua kazi.

Kanga hakukubali chumba chochote.
Kanga huyu hana maneno pindoni,
anayo yote kooni.
Akiniona, kelele. Asiponiona, kelele.
Austra alipiga simu kutoka Dublin:
"Mama, nani analia hapo?"
Nikamwambia, mpangaji.

Desemba, digrii kumi na tisa chini ya sifuri,
niliingia na tochi.
Kuku walikuwa wameshuka kichanjani
wakajibana kwenye mbao za Jezups,
na upande wa pili bata wamejibana palepale,
mgongo kwa mgongo, ubao katikati,
wakipashana joto bila kuonana.
Sikukaa. Baridi ilinifika menoni.

Aprili, barua ya pili: watoke.
Bukini walitangulia, kwa makelele ya wenye nyumba.
Bata wakalikimbilia dimbwi.
Bata mzinga akalitazama jua
kama anayelidai riba.

Kanga alibaki.
Husemwa kanga hazai ugenini.
Nilimkuta pembeni, ameatamia kiatu cha Jezups,
kile cha sufu, cha mguu wa kulia,
nilichozibia upepo.
Akanikodolea jicho. Kelele.
Ndani, mayai mawili, ganda gumu kama kokoto.

Kitanda sijakitengeneza.
Nimeazima msumeno kwa Antons:
banda linahitaji chumba cha nne,
na nusu yangu bado ina mbao saba.